Vita Havizuki

Kwetu kuna sentensi moja ambayo nimeishi nayo tangu kidato cha pili: "Kijana alikutwa shambani." Basi. Hapo ndipo inapoanza na hapo ndipo inapokwisha. Shamba ni la mjomba wangu, karibu na mto, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka Garsen. Kijana alikuwa mchungaji. Mwezi ulikuwa Septemba, mwaka 2012. "Alikutwa" maana yake alikutwa amekufa, na hilo kila mtu alilielewa bila kuelezwa. Nani alimkuta, na nani alimfanya awe mtu wa kukutwa, hayo hayakuwemo kwenye sentensi. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka 15, na nilikuwa na wafu wetu wa kulia.

Nilikuja kuuliza miaka mingi baadaye, na aliyenifundisha kuuliza ni mshairi wa Kigiriki aliyeimba karibu miaka 2,700 iliyopita. Najua inavyosikika. Nivumilie.

Kwanza nikukumbushe. Kama ulikuwa Nairobi mwaka ule, pengine uliipokea habari kwa namba. Kati ya Agosti na Septemba 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye delta ya Tana, wakiwemo wanawake na watoto wengi, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani: vijiji ambavyo Wakenya wengi hawakuwahi kuvisikia vikawa vinatajwa kila jioni saa moja, halafu vikasahaulika tena. Ugomvi wenyewe si mgumu kuueleza. Mto ni mmoja na wanaouhitaji ni wawili. Mkulima analima ukingoni kwa sababu mafuriko huacha udongo mzuri hapo. Mfugaji anateremka na ng'ombe wakati wa kiangazi kwa sababu kwingine kote maji yamekauka. Njia ya mifugo kufika mtoni inaitwa malka. Malka ikizibwa na shamba, mfugaji anaona ng'ombe wake wakifa. Shamba likiliwa na ng'ombe, mkulima anaona mwaka wake mzima ukitafunwa asubuhi moja. Ongeza bunduki, ongeza uchaguzi wa Machi 2013 uliokuwa unakaribia na viti vipya vya kaunti, na ongeza kumbukumbu ya mwaka 2001, wakati damu ilipomwagika hapo hapo kwa sababu hizo hizo.

Mama yangu ni Mpokomo. Rafiki yangu mkubwa wa shule, tuliyelala vitanda vya juu na chini kwa miaka minne, ni Muorma. Muhula ule wa tatu tuliongea kuhusu mpira, hesabu na chakula kibovu cha bwenini. Kuhusu nyumbani hatukuongea kabisa.

Sasa turudi kwenye sarufi, ile tuliyoikimbia baada ya mtihani wa kidato cha nne. Unakumbuka kauli za vitenzi? Kutendwa, kutendeka, kutendesha na nyinginezo. Nilizijibu mtihanini kama mtu anayejaza fomu. Hakuna aliyeniambia kwamba humo ndimo tunamoficha watu.

Angalia. Kiswahili kina jozi nyingi za vitenzi zinazoishia -ka na -sha. Moto huwaka, mtu huwasha moto. Mti huanguka, mtu huangusha mti. Vita huzuka, mtu huzusha vita. Katika jozi hizi upande wa -sha unadai mtu. Huwezi kusema "aliwasha" bila mimi kuuliza "nani?" Upande wa -ka haudai chochote. "Moto uliwaka, nyumba zikateketea, vita vikazuka." Ni sentensi safi kabisa, mwalimu wa insha angeipa alama, na ndani yake hamna binadamu hata mmoja. Kauli ya kutendwa ina afadhali, kwa sababu imebakiza nafasi ya "na fulani" hata kama hatuijazi: "kijana aliuawa na..." Nafasi ipo, inakusubiri. Lakini "vita vilizuka" haina hata nafasi. Vita vimejizukia vyenyewe, kama uyoga baada ya mvua.

Halafu kuna -ka- nyingine, ile ya kusimulia. Wakaja, wakachoma, wakakimbia, tukalipiza. Wasimulizi wetu wanaipenda, na mimi pia naipenda. Ndiyo inayofanya hadithi itembee. Lakini ina ujanja wake. Kila tendo linavutwa na tendo lililotangulia, kama mabehewa ya treni, mpaka mwishoni unaona hakuna aliyeamua kitu. Wao walifanya lile, sisi tukafanya hili. Kwetu tulisimulia hivyo. Nilikuja kugundua kwamba kwa kina rafiki yangu nao walisimulia hivyo hivyo, behewa la kwanza tu ndilo lililobadilishwa.

Na huyo Homer je?

Nilimsoma chuoni, kwa Kiingereza, kwa sababu ilikuwa lazima. Mhadhiri alitaka tuandike kurasa kumi kuhusu mbinu za lugha katika Iliad, utenzi wa mistari zaidi ya 15,000 kuhusu siku chache tu za vita vya Troy. Nilianza kama kila mwanafunzi anavyoanza, kwa kuorodhesha. Kuna sifa za kudumu: Achilles ni mwenye miguu myepesi hata akiwa ameketi, na merikebu ni za mbio hata zikiwa zimepakiwa mchangani. Mtafiti wa Marekani, Milman Parry, alionyesha katika miaka ya 1920 na 1930 kwamba sifa hizi si uvivu. Mwimbaji aliyetunga hapo hapo mbele ya watu alihitaji vipande vilivyokwisha kupimwa, vya kujaza mizani, kama fundi anavyokuwa na matofali tayari. Mtu aliyekulia karibu na tenzi haambiwi hilo mara mbili. Utenzi wetu una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne kinarudi kwenye kina kile kile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukibanwa na kina cha mwisho, unageuza sentensi. Kitenzi kinakwenda nyuma, mtendwa anakuja mbele, "mwanangu" inakuwa "wangu mwana".

Mpangilio wa maneno ndio uliokuwa wa kwanza kunigusa. Kigiriki cha kale kinaweka alama mwishoni mwa nomino kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa, kwa hiyo mshairi anaweza kutawanya maneno anavyotaka bila kumpoteza msikilizaji. Iliad nzima inaanza na neno "hasira". Hasira hiyo ndiyo inayoimbwa, na mwenye hasira, Achilles, anatajwa baadaye. Odyssey inaanza na neno "mtu". Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Utenzi mmoja unatanguliza hasira, mwingine unatanguliza mtu, na huo ni uamuzi kabla hata ya hadithi kuanza.

Kiswahili pia kinaruhusu kugeuza, ila kwa bei yake. Chukua sentensi hii: "Kijana alimkuta mjomba." Nani alimkuta nani? Ukiisoma moja kwa moja, kijana ndiye aliyemkuta. Lakini weka pumziko dogo baada ya "kijana", kama tunavyofanya tukiongea, na maana inapinduka: kijana huyo, mjomba ndiye aliyemkuta. Wote wawili ni wa ngeli moja, "a-" inaweza kuwa ya yeyote na "-m-" inaweza kuwa ya yeyote. Kigiriki kingetatua kwa mwisho wa neno. Sisi tunategemea sauti, na kwenye karatasi tunategemea imani. Niliiandika sentensi hiyo pembeni ya daftari kama mfano wa sarufi tu. Halafu nikaiangalia vizuri, nikalifunga daftari.

Kisha nikafika kitabu cha nne cha Iliad, kwa kijana anayeitwa Simoeisios.

Huyu hana kazi yoyote katika hadithi. Hakutajwa kabla na hatajwi baadaye. Anaingia ili afe. Lakini Homer hamwachi afe hivi hivi. Mkuki ukiwa njiani, msimulizi anasimama kutueleza kijana huyu ni nani. Baba yake ni Anthemion. Mama yake alimzaa kando ya mto Simoeis, siku alipokuwa ameteremka kutoka mlima Ida pamoja na wazazi wake kuangalia mifugo yao, na ndiyo maana akapewa jina la mto. Hakuishi kuwarudishia wazazi gharama ya kumlea. Ajax akampiga kifuani, upande wa kulia. Akaanguka kama mpopla uliomea kwenye bonde la majimaji, mti laini wenye matawi juu kileleni, ambao fundi anaukata ili apinde gurudumu la gari la farasi. Na sasa umelala ukingoni mwa mto, unakauka.

Nilisoma nikiwa kwenye matatu, Thika Road, jioni, na nikapitishwa kituo.

Familia iliyoteremka na mifugo mpaka mtoni. Mimi naijua familia hiyo. Niliiona kila kiangazi cha utoto wangu. Na mti huo je? Kando ya Tana kuna mpopla wetu wenyewe, ambao wataalamu wanauita Populus ilicifolia, jamaa wa karibu wa ule wa Homer, unaomea karibu na mito ya Afrika Mashariki. Watu huukata kuchonga mitumbwi. Mti ule ule wa ukingoni, kijana yule yule aliyeteremka na mifugo. Tofauti ni kwamba wa Homer ana baba, ana mama, ana siku ya kuzaliwa, na aliyemuua anatajwa kwa jina. Wa kwetu "alikutwa".

Hapo nikaanza kuisoma Iliad kwa jicho jingine. Nilitafuta vifo visivyo na mtendaji nikaona ni vichache mno. Homer hasemi "vita vilizuka, watu wakafa". Anamwambia msikilizaji fulani alimuua fulani, mwana wa fulani, kutoka mahali fulani. Kuna mahali anauliza waziwazi: Hector alimuua nani kwanza, na nani mwisho? Kisha anajibu kwa orodha. Kuna nyakati maumivu yanamzidi, anaacha kusimulia na kumgeukia mhusika. Patroclus anapokaribia kufa, msimulizi anaacha kumwita "yeye", anamwita "wewe". Na utenzi wenyewe, ulioimbwa na Wagiriki kwa Wagiriki, haukomei kwenye ushindi wao. Unakomea kwenye mazishi ya Hector, adui, baada ya baba yake mzee kwenda usiku hadi kwenye kambi ya Achilles kuomba maiti.

Basi swali langu likawa hili. Je, tunamdai marehemu wa upande wa pili sentensi kamili? Sisemi machozi, machozi hayalazimishwi. Wala sisemi haki ya mahakama, hiyo ina ofisi zake. Ninauliza kuhusu sentensi tu, yenye mtu mbele, na aliyetenda, na aliyetendwa.

Nilidhani jibu ni jepesi. Ndiyo, tunamdai. Kisha nikaenda Garsen kwa likizo na nikakutana na watu wanaoishi huko.

Nilimweleza mzee mmoja, tukinywa chai ya maziwa kwenye kibanda karibu na stendi, pale mabasi ya Lamu na ya Garissa yanapoachana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaniambia: "Mwanangu, unadhani sisi hatujui nani alimuua nani? Tunajua. Wao wanajua. Watoto wanajua. Tumekubaliana kutosema. Leo yule ananunua mahindi yangu, na maziwa haya unayokunywa ni ya ng'ombe wake. Wewe utarudi Nairobi na sentensi zako. Mimi nitabaki hapa na jirani yangu. Ukitaja jina la aliyetenda, umemwelekeza mtoto fulani nyumba ya kwenda akishakua."

Sikuwa na jibu. Bado sijui kama ninalo zima. Mzee alikuwa anasema kwamba "vita vilizuka" si woga wala uongo. Ni daraja. Sentensi isiyo na mtu ndiyo sentensi pekee ambayo pande zote mbili zinaweza kuitamka zikiwa zimeketi kwenye mkeka mmoja. Ukiweka mtu ndani yake, mmoja atasimama aondoke.

Na hata Homer ana mzee wa namna hiyo. Katika kitabu cha kumi na tisa, Agamemnon anapopatana na Achilles baada ya kumnyang'anya mwanamke na kusababisha maafa yote yale, anasema si yeye wa kulaumiwa. Ni Zeus, ni majaaliwa, ni upofu uliomshukia. Ndiyo "vita vilizuka" ya Kigiriki hiyo. Lakini angalia anachofanya baada ya kusema hivyo: analipa fidia, nyingi, mbele ya jeshi zima. Mdomo unakataa, mkono unakubali. Pengine amani nyingi za dunia zimejengwa namna hiyo, na mtu aliyekuja likizo kwa wiki mbili hana ruhusa ya kuzibomoa kwa sababu ya kauli za vitenzi.

Kuna pingamizi la pili, nalo linamhusu Homer mwenyewe. Je, ule mpopla si urembo tu? Kijana ametobolewa kifua, na mshairi anatuonyesha mti mzuri. Ajax anazidi kuwa mkubwa kwa kila jina linaloanguka mbele yake. Wafu wanapewa majina ili muuaji apate hesabu. Ni kweli kwa sehemu. Sifa za kudumu nazo zina hatari hiyo hiyo, na kwetu tunazo: tukimwita kila mtu wa upande ule "mvamizi", anabaki mvamizi hata akiwa amelala usingizi, kama Achilles anavyobaki mwepesi wa miguu akiwa ameketi. Lugha iliyopimwa tayari inakusaidia kuimba haraka. Inakusaidia pia kutofikiri.

Kilichonisaidia hapo si Mgiriki tena. Ni mtu wa kwetu.

Fumo Liyongo ni wa delta hii hii. Ukiteremka na mto hadi unapoingia baharini unafika Ozi na Kipini, na Kipini watu huonyesha panapodaiwa kuwa kaburi lake. Waswahili wanamdai, na Wapokomo wana masimulizi yao juu yake. Utenzi wake unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa hadithi ni ya zamani zaidi. Hata wale ambao utenzi unawaita Wagala, jina ambalo jamaa zao wa leo wanalikataa na ni haki yao, wanaingia humo kama wakwe: walimpenda shujaa wakampa mke. Yaani katika utenzi wetu mkuu watu wa mtoni na watu wa ng'ombe wamekwisha kuchanganya damu, kwa ndoa.

Unaijua hadithi ya mkate. Liyongo amefungwa Pate, anasubiri kuuawa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi hula kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake na maneno ya wimbo. Walinzi wanasikia mtu anaomba mkate wa wishwa, wanacheka. Mama anasikia kwamba ndani ya mkate kuna kitu cha kutia. Anaoka, anaficha tupa, walinzi wanaudharau mkate wa wishwa wanamwachia mfungwa, naye anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikifunika kelele.

Hilo ni fumbo, na fumbo ni maneno yanayoficha. Nikajiuliza, basi "alikutwa shambani" ina tofauti gani na fumbo la Liyongo? Yote mawili yanaficha ili mtu aishi. Mzee wa kibandani angeweza kuniambia hivyo, na ningemwelewa.

Tofauti niliyoiona ni hii: uliza mama amesikia nini. Fumbo la Liyongo linamficha mlinzi na kumfikia mama. Limetungwa kwa ajili yake. Sentensi yetu inamficha kila mtu, na wa kwanza kufichwa ni mama. Mzee alisema kila mtu anajua, na huenda ni kweli kwa wanaume wanaoketi kwenye mikeka. Mama wa yule kijana aliambiwa nini? Kwamba alikutwa. Saa ngapi, amelalaje, alikuwa na nani, alisema neno? Anthemion na mkewe hawakumpata tena mtoto wao, lakini angalau mtu fulani aliimba alipigwa upande gani wa kifua.

Kwa hiyo jibu langu likapungua, na nadhani likawa bora. Simdai mzee ataje muuaji sokoni. Amani yake ina bei na anailipa yeye, kila siku. Ninachodai ni kwamba ukimya uwe fumbo kweli: ufiche kwa mlinzi, usifiche kwa mama. Na marehemu aanze sentensi, kwa jina lake, hata kama mwisho wake tutauacha wazi kwa sasa. Kutaja aliyeuawa si sawa na kumtaja aliyeua. Hili la pili linaweza kuamsha vita. La kwanza linatuzuia kusema vilizuka.

Nilimpigia simu rafiki yangu wa kitanda cha juu. Yuko Mombasa sasa, ana duka la vipuri na mtoto mmoja. Tulisalimiana kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu wote tulijua kuna kitu kinakuja. Nikamuuliza kama anamjua kijana aliyekufa upande wetu, Septemba ile, kwenye shamba karibu na mto. Akanyamaza, kisha akasema, "Miaka yote hii, bro. Nilikuwa nashangaa utauliza lini." Alimjua. Akanipa jina lake na la mama yake, na akaniambia alikuwa na miaka 17, kwamba alikuwa anaogopa maji ingawa kazi yake ilikuwa kuteremsha ng'ombe mtoni, na wenzake walimcheka kwa hilo. Akaongeza: "Usiliandike jina. Mama yake bado yuko hai." Sijaliandika.

Lakini nililipeleka. Desemba nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa ameketi nje jioni, redio mapajani. Nikamwamkia, tukaongea habari za mvua na za mama. Kisha nikasema, "Mjomba, yule kijana wa mwaka ule. Nimelijua jina lake." Nikalitaja. Nikataja na miaka yake, na kwamba aliogopa maji.

Akazima redio. Sijui tulikaa muda gani.

"Tulimkuta asubuhi," akasema. "Alikuwa bado ameshika fimbo yake. Nilimfunika kwa shuka yangu."

Hakuongeza kitu, na mimi sikuuliza zaidi. Najua kuna nusu ya pili ya sentensi hiyo, na huenda mjomba anaijua yote, na huenda nafsi ya nusu hiyo ni "tu-" hiyo hiyo. Sitajifanya kwamba nimeridhika. Nampenda mjomba wangu na sijui alifanya nini usiku ule. Lakini kwa miaka yote ile nilisikia "alikutwa", na jioni ile nikasikia "tulimkuta".

Usiku nilimwandikia rafiki yangu ujumbe: fimbo mkononi, shuka. Alama mbili za bluu zikatokea mara moja, ila jibu lilichelewa hadi karibu usiku wa manane.

"Nikienda nyumbani nitamwambia mama yake kuhusu shuka," aliandika. "Amekuwa akiuliza kama alifunikwa."